Stelingi ni nani, adui ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Who Framed Roger Rabbit

Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila ninapoitaja mbele ya watu huulizwa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Ninafichua kila kitu, ikiwemo muuaji ni nani na alikufaje, kwa hiyo kama hujaitazama, kaitazame kwanza ndipo urudi. Jambo moja la kuelewana: ndani ya filamu hii viumbe waliochorwa ni raia wenye kazi na ndoa zao, hivyo nitasema katuni huyu na katuni hawa, kama tunavyosema mtu na watu.

Kwa kifupi, ni filamu gani?

Ni komedi ya Marekani iliyotoka Juni 1988, ikiongozwa na Robert Zemeckis na kutengenezwa na Touchstone ya Disney pamoja na Amblin, kampuni ya Steven Spielberg. Hadithi iko Los Angeles mwaka 1947. Binadamu na katuni wanaishi mji mmoja: katuni wanaigiza studio, wanahudumu kwenye klabu za usiku, na jioni wanarudi mtaani kwao, Toontown.

Siku moja Marvin Acme, tajiri mwenye kiwanda cha vifaa vya mizaha na mmiliki wa Toontown, anakutwa ameuawa kwa kuangushiwa sefu kichwani. Lawama zinamwangukia Roger Rabbit, sungura nyota wa studio ya Maroon, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameonyeshwa picha za mkewe Jessica akiwa na Acme. Aliyezipiga picha hizo ni mpelelezi binafsi, Eddie Valiant, anayeigizwa na Bob Hoskins. Na Roger, akitafutwa mji mzima, anakwenda kujificha kwa Eddie huyohuyo.

Stelingi ni Eddie au ni Roger?

Jina la filamu ni la Roger na vituko ni vya Roger, lakini stelingi ni Eddie. Najua wengi hawakubaliani nami. Stelingi tuliyemzoea kwenye vibanda vya video ana kifua, anaruka ukuta, na kila mtoto anajua kwamba stelingi hafi. Eddie ni mfupi, mnene, nywele zimeanza kumkimbia, ana deni baa na ananuka wiski. Ila mtazame anavyoanza na anavyomaliza. Roger ni yuleyule tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho: anampenda mkewe, anapenda kuchekesha watu, basi. Mwenye safari ni Eddie.

Kuna sehemu moja mwanzoni ambayo wengi huipita bila kuitazama vizuri. Eddie amelewa, amesinzia ofisini, na kamera inatambaa taratibu juu ya vitu. Ofisi ina meza mbili. Moja ni ya ndugu yake Teddy, na imejaa vumbi. Vitu vyote viko kama Teddy alivyoviacha. Kuna picha za ndugu hao wakiwa polisi. Kuna picha ya baba yao, mchekeshaji wa sarakasi, na wanawe wawili wamevalia kama yeye. Kuna magazeti yanayotangaza kwamba Valiant na Valiant wamemsafisha Goofy na tuhuma za ujasusi, na kwamba wamewakomboa wapwa wa Donald waliotekwa. Hakuna anayesema neno. Ukiisha kuyaona hayo unaelewa kwamba mtu huyu anayewatukana katuni kila anapowaona alikuwa ndiye mtetezi wao mjini.

Baadaye tunaambiwa kilichotokea. Ndugu hao walikuwa wakimfuatilia mwizi wa benki huko Toontown, na mwizi huyo, katuni mwenye macho mekundu na sauti nyembamba, akamwangushia Teddy piano kichwani huku akicheka. Tangu siku hiyo Eddie hakukanyaga tena Toontown.

Kwa hiyo kwangu mimi ushujaa wake unaanzia mbele ya handaki la kuingilia mtaa huo. Anasimamisha gari. Anatoa chupa, anaitazama, anaimwaga, anairusha hewani na kuipasua kwa risasi. Halafu anaingia. Hakuna anayemshangilia.

Kama Eddie ndiye stelingi, Roger ana kazi gani? Mbona anaonekana mjinga?

Sisi tuliokua na hadithi za Sungura tunapata taabu kidogo na Roger. Sungura wetu ni mjanja. Anamdanganya Simba, anamtega Fisi, anakula bila kulima. Roger hana hila hata moja. Amejificha baa, nje anatafutwa auawe, lakini akiona wateja wamenuna anapanda kaunta kuimba na kujivunjia sahani kichwani ili wacheke.

Ujinga huo una mzizi, na filamu inauonyesha katika ile sehemu ya pingu. Roger kwa utani amejifunga pingu na Eddie, ufunguo haupo. Wanahangaika nazo pamoja: ofisini Eddie anamzamisha kwenye sinki la maji na kujifanya anafua, huku askari wa Jaji Doom, hakimu wa katuni anayemsaka Roger, wakikagua chumba. Mwishowe wamo chumba cha nyuma cha baa, Eddie anakata pingu kwa msumeno, sanduku analokatia linayumba, na Roger anachomoa mkono wake kwenye pingu kana kwamba si kitu ili amsaidie kulishika. Eddie anakaribia kupasuka kwa hasira: kumbe siku nzima ungeweza kutoa mkono? Roger anamjibu kwa moyo safi kabisa kwamba hapana, asingeweza wakati wowote, ila pale tu ambapo ingechekesha.

Hiyo ndiyo sheria ya maisha yake. Mwili wenyewe unatii kichekesho. Haigizi uchekeshaji, ndivyo alivyoumbwa. Na kiumbe wa namna hiyo akikaa karibu na mtu aliyeacha kucheka, lazima mmoja wao ashindwe.

Jessica ni mbaya au mwema?

Mwema, na kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko wote. Filamu inautega mtego kwa ajili yako wewe mtazamaji: gauni jekundu, sauti ya chini, klabu ya usiku. Kila kitu kinakuambia huyu ndiye mwanamke wa kumponza mume. Yeye mwenyewe anamweleza Eddie kwamba si mbaya, ni namna alivyochorwa tu.

Zile picha za aibu? Alikuwa akicheza na Acme mchezo wa watoto wa kupigiana viganja. Mchezo huohuo, viganja kwa viganja. Kwa katuni huo ni usaliti wa kumliza mume, na Roger analia kweli, lakini Jessica alikubali kupigwa picha kwa sababu Maroon, mwenye studio, alimtisha kwamba asipofanya hivyo Roger hatapata kazi tena. Na huko Toontown, Eddie anapodhani bastola ya Jessica inamlenga yeye, kumbe inamlenga aliyekuwa nyuma yake. Ukiirudia filamu ukijua hayo, utaona kila anachofanya Jessica anafanya kwa ajili ya mumewe. Anaulizwa alimpendea nini sungura, naye anajibu kwamba anamchekesha.

Vipi kuhusu R. K. Maroon na Marvin Acme?

Acme ni mzee wa mizaha, hana ubaya. Aliandika wosia unaowaachia katuni Toontown, ila aliuandika kwa wino unaopotea na kurudi, na ndiyo maana haukuonekana. Kumbe ni ile karatasi tupu ambayo Roger aliiandikia barua ya mapenzi kwa mkewe. Maroon ni mfanyabiashara mwoga: alitaka kumbana Acme auze mali yake ili naye apate kuuza studio. Hakutaka mtu afe. Anapigwa risasi akiwa katikati ya kumweleza Eddie ukweli.

Jaji Doom ni nani hasa?

Ndiye adui, na ninamweka katika orodha ya juu kabisa ya maadui wa filamu za kuchekesha. Anaigizwa na Christopher Lloyd. Koti jeusi, kofia nyeusi, miwani, fimbo. Lloyd aliamua kutopepesa macho mbele ya kamera, na hata usipojua jambo hilo mwili wako unalihisi: kuna kitu hakiko sawa kwa mtu huyu.

Uadui wake wote umo katika kiatu kimoja. Wako ghalani kwa Acme, polisi wapo, Eddie yupo. Doom anataka kuonyesha dawa yake mpya ya kuwaadhibu katuni, ambao siku zote haikuwezekana kuwaua. Miguuni pake kuna kiatu cha katuni, kidogo, kinajisugua kwenye suruali yake kama mtoto wa mbwa anayetafuta mwenyeji. Doom anavaa glavu ndefu nyeusi ya mpira, anakiokota, anakishusha taratibu kwenye pipa. Kiatu kinalia kwa sauti nyembamba, kinahangaika, kinayeyuka. Kinachobaki ni rangi kwenye glavu. Waliosimama wanakunja nyuso, hakuna anayeingilia, kwa sababu anayefanya ni Jaji.

Binti yangu alikuwa na miaka 7 nilipomwonyesha. Alishuka kwenye kochi, akaja kukaa juu ya mguu wangu, akauliza, "Baba, kiatu kilimkosea nini?" Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo. Hakikushtakiwa, hakikuhojiwa, kilikuwa karibu tu. Katika filamu nyingine adui lazima aue watu kumi ndipo umwogope. Huyu alihitaji kiatu.

Ni kweli kwamba Doom mwenyewe ni katuni?

Ndiyo. Karibu na mwisho mtambo wa kushindilia barabara unampitia mwili mzima. Binadamu angekufa. Doom anainuka akiwa bapa kama karatasi, anatembea akiyumba hadi kwenye mtungi wa gesi na kujijaza upepo upya. Macho ya bandia yanamtoka, yanayobaki ni mekundu, na sauti inapanda, nyembamba, ileile. Hapo Eddie anajua kwamba amesimama mbele ya aliyemuua Teddy.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakimu wa katuni, anayetengeneza sumu ya kuwafuta wote, alikuwa mmoja wao aliyejificha ndani ya ngozi ya mpira. Ujaji aliupata kwa kumwaga pesa wakati wa uchaguzi. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo ukizitafuta: anaogopa tone la Dip, ile dawa yake, lisimguse, ndiyo maana ya ile glavu ndefu.

Alikuwa katuni gani kabla ya kuvaa ngozi ya mtu?

Filamu haisemi. Anapoyeyuka kunabaki kinyago na nguo, na katuni waliokusanyika wanaulizana huyu alikuwa nani. Kila mmoja anasema tu kile ambacho Doom hakuwa: si sungura, si bata, si mbwa. Nashukuru hawakutupa jibu. Adui aliyekana asili yake kiasi hicho anastahili kufa bila jina.

Kwa nini aliwachukia wenzake?

Kinachotamkwa ni pesa, na nitaeleza mpango wake hapo chini. Lakini pesa haimalizi swali, maana mwenye tamaa tu angewafukuza katuni, asingewayeyusha. Mimi ninaona hivi: katuni wote wa filamu hii wanachekesha ili mwingine afurahi, hata wakiumia wao. Doom ndiye pekee anayecheka mwingine anapoumia. Alicheka piano ilipoanguka. Mstari wa wema na ubaya humu haupiti kati ya walio na nyama na waliochorwa kwa wino. Unapita kati ya vicheko hivyo viwili. Eddie alipokatazwa kucheka na uchungu wake alikuwa anaelekea upande wa Doom bila kujua, na Roger ndiye aliyemvuta kanzu.

Dip ni kitu gani? Kipo kweli?

Katika filamu ni mchanganyiko wa tapentaini, asetoni na benzini. Vyote vitatu ni viyeyusho halisi vinavyoweza kuondoa rangi. Yaani anachowaogopesha nacho katuni ni kile kinachofuta mchoro mezani kwa mchoraji. Sijui kama kuna silaha ya adui iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Wale vicheche wa Doom walikufaje, na Eddie alianza kucheza vipi?

Vicheche ndio askari wa Doom: watano, wamevaa suti, wana bunduki, na ugonjwa wao ni kwamba kila mmoja akicheka hawezi kujizuia. Doom anawaonya mapema kwamba siku moja watajiua kwa kucheka kama binamu zao fisi.

Onyo hilo ndilo linalomwangamiza. Ghalani, Roger na Jessica wamening'inizwa kwenye kulabu, mtambo wa kurusha Dip unakaribia, Eddie hana silaha. Anawaona vicheche wakicheka alipoteleza. Basi mtoto wa mchekeshaji wa sarakasi anavua machungu yote na kuanza: anaimba kwa sauti ya kijinga, anajigonga, anajikwaa, anajipiga na vyombo. Vicheche wanaanguka mmoja baada ya mwingine, roho zao zinapaa na vinubi mikononi. Kiongozi wao peke yake anakataa kufa, naye anaishia ndani ya Dip.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye filamu yote. Bastola anayo mwanzoni na haimsaidii. Kinachowaokoa ni kitu alichofundishwa na baba yake akiwa mdogo, alichokifanya na Teddy, na alichokizika pamoja na Teddy. Hoskins anacheza sehemu hiyo kama mtu anayetapika sumu: mwanzoni uso umekaza, wimbo unatoka kwa shida, halafu polepole anaanza kuufurahia. Kila nikifika hapo machozi hunilengalenga, wakati watoto kando yangu wanagaragara kwa kicheko.

Ile hodi ya ukutani ina maana gani?

Doom anapomtafuta Roger baa, anatembea akigonga ukutani mapigo matano ya hodi maarufu huko Marekani, ambayo hudai mawili ya kuitikia. Hakuna katuni anayeweza kuyaacha yakae bila jibu. Kwetu ungemwambia mtoto "Paukwa!" kisha umwombe asiseme "Pakawa!" Roger anajikaza nyuma ya ukuta, anatetemeka, anauma meno, halafu anaupasua ukuta na kutoka akiimalizia. Ukatili wa Doom ni kwamba anaitumia furaha ya mtu kama chambo. Na hakuhitaji kufundishwa udhaifu huo. Alikuwa nao yeye mwenyewe.

Mpango wa Doom kuhusu tramu na barabara ulitokea kweli?

Kwa sehemu. Doom ndiye mwenye hisa pekee wa kampuni iitwayo Cloverleaf, iliyonunua tramu nyekundu za jiji ili izivunje. Anataka kuifuta Toontown apitishe barabara kuu ya magari, yenye vituo vya mafuta, moteli na vibanda vya chakula kandokando. Eddie anamshangaa: nani ataendesha gari barabarani wakati tramu ni senti 5?

Kampuni ya Cloverleaf ni ya kubuni. Tramu nyekundu ni za kweli: zilikuwa za Pacific Electric, iliyoanzishwa mwaka 1901 na Henry Huntington, na mtandao wake uliunganisha Los Angeles na miji mingi ya jirani. Njia ya mwisho, ya kwenda Long Beach, ilifungwa mwaka 1961. Barabara ya magari ya Arroyo Seco ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1940, kwa hiyo mwaka 1947 Doom hakuwa mtu wa kwanza kuiota.

Kuhusu njama, mwaka 1949 mahakama ya Marekani iliitia hatiani National City Lines pamoja na kampuni zilizoisaidia kifedha, zikiwemo General Motors, Firestone na Standard Oil ya California, kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuyauzia mabasi, mafuta na matairi makampuni ya usafiri iliyoyamiliki. Lakini Los Angeles kampuni hiyo ilichukua tramu za njano, si nyekundu, na tramu nyekundu zilikuwa zikipata hasara na kukwama kwenye foleni za magari kwa miaka mingi. Filamu imeweka adui mmoja mahali palipokuwa na sababu nyingi. Hiyo ni haki ya msimulizi, ila usiende kuitumia kama kitabu cha historia.

Waliwezaje kuwaweka binadamu na katuni pamoja bila kompyuta?

Kwa mikono na uvumilivu. Sehemu kubwa ya uigizaji ilipigwa kwanza, nyingi yake katika studio za Elstree huko Uingereza, Hoskins akizungumza na hewa. Alisema alijifunza kwa kumtazama bintiye mdogo akicheza na marafiki wa kufikirika. Mazoezi yalifanywa na mwanasesere wa mpira mwenye umbo la Roger ili kila mtu ajue aangalie wapi, kisha mwanasesere anaondolewa na kamera inawashwa. Vitu ambavyo katuni hushika, kama sigara ya Baby Herman, katuni mchanga anayeigiza na Roger, au sinia za wahudumu pengwini, vilikuwa vitu halisi vilivyochezeshwa kwa mitambo, vijiti na nyaya.

Baada ya hapo kila fremu ilichapishwa kama picha, na wachoraji waliokuwa London chini ya Richard Williams wakachora katuni juu yake kwa penseli, fremu kwa fremu, 24 kwa kila sekunde. Zamani kamera ilitakiwa itulie ili michoro isitetereke. Zemeckis alikataa, kamera yake inazunguka na kupita nyuma ya watu, na wachoraji wakalazimika kuifuata. Kisha kampuni ya Industrial Light & Magic wakaunganisha tabaka: mwili wa katuni, kivuli chake, mwanga wake.

Ukitaka kuona kazi hiyo kwa macho yako, rudi kwenye chumba cha nyuma cha baa, penye pingu. Eddie anaigonga taa inayoning'inia kwa kichwa. Taa inabembea muda mrefu. Kila inapokwenda na kurudi, mwanga unahama juu ya Roger: sikio linang'aa, sikio linaingia gizani, kivuli chake kinapanda ukutani na kushuka. Taa ingeweza kutulia na hakuna mtazamaji angelalamika. Waliibembeza, wakajitwisha mzigo wa kuchora vivuli vyote hivyo. Disney hadi leo wana msemo wa kugonga taa, maana yake kufanya kazi ya ziada ambayo huenda asiione mtu. Mimi niliiona mara ya nne, na nikarudisha mkanda nyuma palepale.

Nani walitoa sauti?

Charles Fleischer ni Roger, na pia teksi Benny na vicheche wawili. Alikuwa akija kazini amevaa mavazi ya Roger, masikio na yote, ingawa hakuonekana kwenye kamera, ili Hoskins awe na mtu wa kumjibu. Jessica anapozungumza ni Kathleen Turner. Anapoimba ni Amy Irving. Mel Blanc, aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny kwa karibu miaka 50, yumo pia. Alifariki mwaka uliofuata.

Imekuwaje Mickey Mouse na Bugs Bunny wamo filamu moja?

Spielberg alizungumza na makampuni, Disney na Warner Bros. yakiwemo, yakakubali kuazima wahusika wao, kwa masharti. Ndiyo maana Mickey na Bugs wanatokea pamoja, wakianguka na miavuli ya kurukia angani huku Eddie akianguka bila mwavuli. Eddie anaomba mwavuli wa akiba. Bugs anampa cha akiba kweli: tairi la gari. Donald na Daffy nao wanapigana kwa piano mbili klabuni.

Ni komedi ya kwanza ya aina hii?

La. Winsor McCay alipanda jukwaani na dainosaria wake Gertie mwaka 1914, Walt Disney alianza kumweka msichana halisi ndani ya katuni mwaka 1923, Gene Kelly alicheza na panya Jerry mwaka 1945, na Mary Poppins ikatoka mwaka 1964. Tofauti ni kwamba huko binadamu anaitembelea dunia ya katuni au katuni anaitembelea yetu. Hapa wanaishi pamoja, wanaajiriana, wanadhulumiana.

Kitabu kinafanana na filamu?

Kidogo sana. Gary K. Wolf alikitoa mwaka 1981. Humo katuni ni wa kwenye magazeti, maneno yao yanatokea ndani ya viputo juu ya vichwa vyao, Roger anauawa, na Jaji Doom hayumo kabisa. Adui huyo ni kazi ya waandishi wa filamu, Jeffrey Price na Peter S. Seaman.

Ilishinda tuzo? Ilipata faida?

Iligharimu kama dola milioni 50, pesa nyingi mno kwa wakati ule, na ikaingiza zaidi ya milioni 300 duniani. Mwaka 1989 ilipata Oscar za uhariri, uhariri wa sauti na athari maalumu za picha, na Richard Williams akapewa tuzo maalumu.

Kuna sehemu ya pili?

Hakuna filamu ndefu. Kuna katuni fupi tatu za Roger na Baby Herman, za 1989, 1990 na 1993. Hoskins alifariki mwaka 2014, na kwangu mimi bila Eddie yule hakuna sehemu ya pili.

Inafaa watoto?

Wa miaka 8 au 9 kwenda juu, na ukae nao. Kuna pombe, kuna utani wa wakubwa, na kuna Doom. Kiatu na ile sauti ya mwisho vinawatisha hata wakubwa. Usiwaambie watoto kwamba ni katuni tu. Kaa karibu, uwe na mguu wa kukaliwa.

Mwishoni Eddie anamfanyia nini Roger?

Doom ameyeyuka, wosia umeonekana, Toontown ni mali ya katuni. Roger anampa Eddie mkono wa kumshukuru, na kiganjani ameficha kile kifaa cha mzaha kinachotetemesha. Eddie anatetemeka mwili mzima. Kila mtu ananyamaza. Roger, masikio yameshuka, anamuuliza kama tayari ameupoteza tena ucheshi wake. Eddie anamkamata shingo, uso umekunjwa kama wa siku zote, anamsogeza karibu, karibu zaidi, halafu anambusu mdomoni kwa kishindo.